Kusomea Akupancha Hadi Kuwa Mtaalamu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Anayeuliza njia ya kuwa mtaalamu wa akupancha, yaani ile tiba ya sindano za Kichina, kwa kawaida huanza na jina la chuo na kiasi cha ada. Ningemshauri aanzie mwisho wa safari: siku atakapofungua mlango wa kliniki yake, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ataitwa nani, na ni chombo gani cha sheria kitakachokuwa kimempa ruhusa ya kuitwa hivyo? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua asome miaka mingapi, wapi na kwa lugha gani, kwa sababu jina hilo moja la mtaalamu wa akupancha hubebwa na watu wasiofanana hata kidogo. Yupo daktari wa tiba ya Kichina aliyekaa chuo kikuu miaka 5 na kuzunguka wodini; yupo daktari wa hospitali au mtaalamu wa fiziotherapia aliyeongeza sindano juu ya taaluma aliyokuwa nayo tayari; yupo aliyesoma shahada ya akupancha peke yake huko Ulaya au Australia; na yupo aliyehudhuria semina ya siku mbili hotelini akarudi na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu.

Ili kuwapambanua watu hawa, tumia kipimo cha saa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya mafunzo ya msingi na usalama katika akupancha, na ingawa yapo maandiko mapya zaidi ya shirika hilo, hesabu za mwaka huo bado ni rula nzuri ya kupimia kozi yoyote utakayoletewa. Kwa mtu asiye daktari, miongozo ile ilitaka saa 2,500 za mafunzo katika miaka 2 ya kusoma kwa muda wote, na kati ya hizo zisipungue saa 1,000 za vitendo na kliniki. Kwa daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili wa akupancha, saa 1,500. Na kwa daktari anayetaka tu kuongeza sindano katika kazi zake za kila siku, zisipungue 200. Sasa chukua tangazo la kozi ya wiki mbili. Hata ukisoma saa 8 kila siku bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, utatoka na saa 112. Hapo huhitaji mtu wa kukushauri.

Kinachosomwa ni nini hasa

Wachina wenyewe huita fani hii zhenjiu, neno linalounganisha mambo mawili: sindano na moto. Moto huo ni wa moksa, majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yaliyosagwa yakawa kama pamba, kisha yakasokotwa kuwa kijiti kinachofuka moshi karibu na ngozi, au yakafungwa juu ya mpini wa sindano. Ndiyo maana UNESCO ilipoiingiza fani hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, iliandika akupancha na moksa pamoja. Katika kliniki hiyo hiyo utakuta pia vikombe vya kuumika, jambo ambalo halitamshangaza msomaji wa pwani aliyekulia anaona watu wakipigwa chuku au kufanyiwa hijama, na utakuta tuina, yaani ukandaji wa Kichina. Shahada inayokusanya yote haya katika vyuo vya China huitwa shahada ya zhenjiu na tuina, nayo ni ya miaka 5, mwaka wa mwisho ukiwa wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi.

Mwaka wa kwanza hujaa nadharia: yin na yang, yaani nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana, elementi tano (mti, moto, udongo, metali na maji), qi, yaani nguvu ya uhai, na damu, viungo vya ndani na mahusiano yake. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia huchanganyikiwa hapa kuliko yule asiyejua sayansi kabisa. Anaambiwa kwamba ini ndilo linalotawala mtiririko wa qi na kwamba figo ndizo zinazotunza asili ya uhai, naye anainua mkono kubisha. Ushauri wangu ni kuyachukua mafundisho hayo kwanza kama lugha. "Figo" ya vitabu vya Kichina vya kale si ile nyama yenye umbo la haragwe uliyoipasua maabara; ni jina la kundi la kazi za mwili na dalili zinazokwenda pamoja. Ukijaribu kulazimisha neno moja liwe jingine utapoteza yote mawili. Lakini usije ukadhani kwamba anatomia ya kisasa haina nafasi. Vyuo vikuu vya China hufundisha anatomia, fiziolojia, patholojia na utambuzi wa magonjwa kwa njia ya hospitali sambamba na nadharia ya kale, na kwa mtu atakayeshika sindano, somo la anatomia ndilo litakalomwokoa mgonjwa wake, na yeye mwenyewe na mahakama.

Baada ya hapo huja njia, ambamo qi husemwa kupita mwilini, na nukta, yaani mahali pa kuchoma sindano. Zipo njia kuu 12 zinazopita pande zote mbili za mwili, pamoja na mbili zinazopita katikati, mbele na nyuma, jumla 14. Na juu ya njia hizo zimepangwa nukta 361 zilizokubaliwa kimataifa, mbali na nyingine za ziada zisizokaa kwenye njia yoyote. Kila nukta ina jina la Kichina, herufi na namba ya kimataifa, mahali pake, kina chake, mwelekeo wa sindano, kazi zake na tahadhari zake. Nimeona watu wakizikariri kwa kadi kama wanafunzi wa madrasa wanavyohifadhi, wakafaulu mtihani wa maandishi, kisha wakashindwa kuonyesha nukta kumi kwenye mguu wa mtu mnene. Jifunze kwa kidole juu ya ngozi: mguu wako, wa mwenzako, wa mzee, wa mtoto, wa mcheza mpira.

Wachina waliligundua tatizo hilo zamani. Mwaka 1027, katika enzi ya Song, tabibu wa kasri aitwaye Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu, tupu ndani, zikiwa zimetobolewa matundu mahali pa nukta. Siku ya mtihani sanamu ilifunikwa kwa nta ili matundu yasionekane, ikajazwa maji ndani, na mwanafunzi akatakiwa kuchoma nukta aliyotajiwa. Akipatia, maji yalichuruzika. Akikosea, sindano iligonga shaba mbele ya watahini.

Kupima mwili kwa mwili wenyewe

Kipimo cha akupancha si sentimita bali ni cun, na cun ni ya mgonjwa, si yako. Upana wa dole gumba lake kwenye kifundo ni cun 1. Upana wa vidole vyake vinne vilivyobanwa pamoja, ukipimia kwenye kifundo cha katikati cha kidole kirefu, ni cun 3. Kwa usahihi zaidi hutumiwa mgawanyo wa mifupa: kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono huhesabiwa cun 12, awe huyo ni mtoto wa miaka 6 au baharia wa futi sita.

Chukua mfano wa nukta ya Zusanli, inayoandikwa ST36, ambayo hakuna siku itapita kliniki bila kuitumia. Kaa, kunja goti kidogo. Chini ya pia ya goti, upande wa nje, utahisi kishimo. Hiyo ni nukta nyingine, Dubi. Kutoka hapo shuka cun 3, yaani vidole vinne. Kisha tafuta ukingo mkali wa mbele wa mfupa wa muundi na uende nje kwa upana wa kidole kimoja. Bonyeza. Ukiwa umefika penyewe utasikia uchungu mzito usiofanana na wa kubonyeza mahali pengine, na ukimbonyeza mwenzako hapo utaona uso wake ukibadilika kabla hajasema neno. Fanya hivyo kwa miguu hamsini kabla ya kufikiria sindano.

Mkono

Sindano ya akupancha ni nyembamba ajabu. Ile ya kawaida ina unene wa milimita 0.25, ambapo sindano ya hospitali ya ukubwa wa 21G, tunayoijua sote, ina unene wa milimita 0.8. Haina tundu, haina dawa ndani, na ukiisukuma kama unavyosukuma msumari hujikunja papo hapo. Kwa hiyo wiki za kwanza mwanafunzi hachomi mtu. Huchoma karatasi.

Namna yenyewe ni hii. Kunja karatasi laini, kama ya chooni au ya kufutia mikono, upate kijitabu chenye urefu wa sentimita 8, upana wa 5 na unene wa 2 au 3, kisha ukifunge kwa uzi pande nne, nyuzi zikikatana kama mistari ya mchezo wa sifuri na msalaba. Shikilia kifurushi hicho kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia shika mpini wa sindano kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kidole cha kati kikiwa kimeegemea mwili wa sindano, na weka ncha juu ya karatasi. Sasa zungusha mpini mbele na nyuma kwa vidole huku ukiongeza mkandamizo kidogo kidogo. Siku ya kwanza sindano itapinda kama mwanzi wa kuvulia samaki aliyemeza chambo, na vidole vitatoka jasho. Baada ya siku kadhaa utaisikia karatasi ikikubali, tabaka baada ya tabaka, na sindano itatokeza upande wa pili ikiwa imenyooka. Hamisha mahali, anza tena. Ukishaizoea karatasi, tengeneza donge la pamba lililofungwa kwa uzi na ufanyie humo mazoezi ya kuinua na kushusha sindano, kwa sababu pamba huivuta sindano karibu kama nyama inavyoivuta.

Baada ya karatasi na pamba huja mwili wako mwenyewe, kisha wa mwanafunzi mwenzako, kisha, mbele ya mwalimu, wa mgonjwa. Mpangilio huo usirukwe. Aliyechomwa mara mia na wanafunzi wenzake wenye mikono mizito anajua kwa nini mgonjwa hukaza misuli, na anajua tofauti kati ya maumivu makali ya ngozi, ambayo ni kosa la mchomaji, na ile hisia inayotafutwa ambayo Wachina huiita deqi. Hisia hiyo hutajwa kwa maneno manne: suan, uchovu unaouma kama wa msuli baada ya kulima; ma, ganzi; zhang, kujaa; na zhong, uzito. Mtabibu naye huisikia kwenye vidole, sindano ikishikwa kidogo, kama ndoano samaki anapoigusa. Mkono wa kushoto una kazi kubwa kuliko wageni wanavyodhani: ndio unaotafuta nukta, unaobonyeza ngozi, unaotuliza, na unaotambua kwamba chini ya kidole pana mshipa wa damu unaodunda. Utamtambua mwanafunzi mzuri kwa kutazama mkono wake usioshika sindano.

Sambamba na sindano, unajifunza kumchunguza mgonjwa kwa njia nne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kugusa. Kutazama kunajumuisha ulimi, rangi yake, umbo na utando wake. Kugusa kunajumuisha kupima mapigo kwa vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono, na mapigo hayo hupewa majina kama yaelayo, yazamayo, yaliyokazwa kama uzi wa gambusi. Haya hayafundishiki kwa video. Unamwekea mgonjwa vidole, unasema ulichokisikia, mwalimu anaweka vyake, anakwambia umekosea, na hivyo hivyo kwa miezi.

Lugha

Kama unakwenda China kusoma shahada ya kwanza, jiandae kusoma kwa Kichina. Zipo programu za Kiingereza katika baadhi ya vyuo, nazo si mbaya, ila kabla ya kulipa uliza jambo moja: je, kliniki nako ni kwa Kiingereza? Mhadhara unaweza kutolewa kwa lugha yoyote, lakini bibi wa miaka 70 anayeumwa mgongo atakuelezea kwa lahaja ya kwao, haraka, na asiyemwelewa atasimama ukutani mwaka mzima akitazama migongo ya wanafunzi wenzake. Mtihani unaotambulika ni HSK, na vyuo vingi hutaka kiwango cha 4 kwa shahada ya kwanza, ambacho katika mfumo wa viwango 6 kilikuwa na maneno kama 1,200. Kwa kusoma maandiko ya tiba, maneno hayo ni machache mno. Uchukulie kiwango hicho kuwa ni tiketi ya kuingia tu. Unaweza kuanza nyumbani: Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na zipo nyingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma zikiwemo.

Anayepata ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza kwa kawaida hupitishwa kwanza mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha, hivyo hesabu yako iwe miaka 6, si 5. Ufadhili huo hutaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe na umri usiozidi miaka 25, na wa shahada ya uzamili usiozidi 35. Daktari aliyekwisha kuhitimu anaweza kuomba uzamili wa akupancha, ambao mara nyingi ni wa miaka 3. Ukishapata barua ya chuo, visa ya mwanafunzi wa muda mrefu huitwa X1, na ndani ya siku 30 baada ya kuingia nchini lazima uombe kibali cha ukaazi. Wapo waliolipa faini kwa kuliona jambo hili kuwa dogo.

Kuchagua chuo

Watu hupenda kusema tiba hii imeshuka bila kukatika kwa maelfu ya miaka. Si kweli kabisa. Mwaka 1822 mfalme wa enzi ya Qing aliiondoa akupancha katika taasisi ya utabibu ya kasri, na karne iliyofuata ilibaki zaidi mikononi mwa matabibu wa vijijini. Iliyopo vyuoni leo imepitia mikono ya watu kama Cheng Dan'an, aliyefungua shule ya akupancha huko Wuxi miaka ya 1930, akasafiri Japani kuona wanavyofundisha, na akasisitiza sindano nyembamba, usafi na anatomia. Nanjing, katika jimbo lile lile la Jiangsu, ilipata shule yake ya tiba ya Kichina mwaka 1954, ambayo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Nanjing. Mwaka 1956 serikali ilianzisha vyuo vinne kwa pamoja: Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Hivi vitano, pamoja na cha Tianjin kilichoanza 1958, ndivyo ningeanza kuvichunguza, kwa sababu kila kimoja kina hospitali zake za kufundishia, na bila hospitali hakuna mafunzo.

Kwa msomaji wa Tanzania, jina la Jiangsu lina maana nyingine. Ni jimbo hilo ambalo limekuwa likipeleka madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964, na Shandong limekuwa likipeleka Tanzania Bara tangu 1968. Timu hizo mara nyingi huwa na daktari wa akupancha. Kabla hujauza kiwanja cha familia ili upate nauli, andika barua kwa mganga mkuu wa hospitali ambako timu kama hiyo ipo, uombe kukaa pembeni na kutazama kwa wiki moja. Utaona wagonjwa wa kiharusi wanaorudi kila siku kwa mwezi mzima, utaona migongo na magoti, utaona kazi inavyojirudia, na utajua kama unaitaka.

Ukiandikia chuo, usiulize kama ni kizuri. Uliza: saa za kliniki ni ngapi kwa jumla, na katika hizo mwanafunzi anachoma sindano mwenyewe au anatazama? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Wagonjwa ni wa hospitali au ni wanafunzi wenyewe kwa wenyewe? Cheti kinatambuliwa na serikali ya nchi ile kama shahada, au ni cheti cha chuo tu? Chuo kinachojibu kwa namba kinajua kinachofanya. Kinachojibu kwa picha za majengo kiache.

China si njia pekee. Afrika Kusini husajili wataalamu wa akupancha na wa tiba ya Kichina chini ya baraza lake la taaluma shirikishi za afya, na Chuo Kikuu cha Western Cape kimekuwa na mafunzo ya fani hiyo. Mswahili aliyeko Australia anapaswa kujua kwamba tangu mwaka 2012 hakuna anayeruhusiwa kujiita mtaalamu wa akupancha huko bila usajili wa bodi ya taifa ya tiba ya Kichina, wakati Uingereza usajili wa kisheria wa namna hiyo haupo na wagonjwa hutegemea vyama vya hiari kama Baraza la Akupancha la Uingereza.

Usalama

Sehemu hii ndiyo ninayoikazia kuliko zote. Anza na chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi 3 zinazochukua miezi 6, kwa hiyo usisubiri hadi wiki ya kuingia kliniki. Sindano ni za kutumika mara moja, zilizotakaswa kiwandani, pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa, na ikitoka mwilini iingie moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Ukisikia mwalimu anachemsha sindano ili zitumike tena, ondoka hapo.

Hatari kubwa zaidi ni pafu. Juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, pana nukta iitwayo Jianjing, GB21, ambayo wagonjwa wenye shingo zilizokaza huipenda sana. Chini yake kuna kilele cha pafu. Kwa mtu mwembamba, sindano iliyoelekezwa wima kwa kina kisichofaa hulifikia, hewa ikaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na mgonjwa akaanza kubanwa na kifua, pengine saa kadhaa baada ya kuondoka kliniki, wakati wewe umeshafunga na kwenda nyumbani. Kwa hiyo kifuani na mgongoni juu, sindano huingia kwa kulalia na kwa kina kidogo, na mgonjwa huambiwa dalili za kuangalia na wapi pa kukimbilia. Nukta kama Hegu, LI4, iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na Sanyinjiao, SP6, iliyo juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, kwa desturi hazichomwi kwa mjamzito. Kwa hiyo swali la ujauzito huulizwa kila mara, kwa staha na faraghani, si mbele ya mume au mama mkwe.

Kuzimia ni jambo la kawaida kwa aliyekuja na njaa au woga. Utaona uso ukipauka na jasho jembamba juu ya mdomo. Toa sindano zote, mlaze, inua miguu, mpe kinywaji chenye sukari akishatulia. Ndiyo maana mgonjwa wa mara ya kwanza hulazwa, hakalishwi. Sindano ikinasa, usivute. Subiri, gusagusa misuli ya jirani, au weka nyingine karibu ili msuli ulegee. Moksa nayo huunguza, hasa kwa mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia na hatakwambia kwamba pamekuwa moto.

Kurudi nyumbani

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na akupancha iko upande wa tiba mbadala. Mtu husajiliwa, na kituo nacho husajiliwa, kila kimoja kwa nafasi yake. Kuwa na cheti mkononi bila usajili si ruhusa ya kufungua mlango. Shahada ya nje ipeleke kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, ikiwa na nakala ya matokeo na tafsiri iliyothibitishwa, na ni heri muhuri wote wa China uupate kabla hujaondoka huko, kwa kuwa kuufuatilia kutoka Tabata au Kisauni ni mateso. Kenya iliiweka tiba asili na mbadala ndani ya Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na Uganda ilipitisha sheria yake mahususi mwaka 2019. Aliye daktari, tabibu au mtaalamu wa fiziotherapia tayari aliulize pia baraza la taaluma yake kama linamruhusu kuchanganya kazi hizo mbili chini ya dari moja. Na neno daktari litumie tu kama sheria ya nchi yako inakupa. Mgonjwa anayekuita "daktari" ana haki ya kujua ni daktari wa nini.

Matangazo yatakayokuzunguka yatadai sindano inatibu kila kitu, kuanzia ugumba hadi shinikizo la damu. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye maumivu ya muda mrefu. Uingereza, taasisi inayoandaa miongozo ya matibabu, NICE, ilipendekeza mwaka 2012 kwamba akupancha ifikiriwe katika kuzuia kipandauso, na mwaka 2021 katika maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoeleweka. Vilevile tafiti nyingi zinaonyesha kwamba tofauti kati ya sindano halisi na sindano ya kuigiza si kubwa, na mtaalamu msomi hafichi jambo hilo. Mwenye maumivu ya mgongo aliyepoteza uwezo wa kuzuia mkojo, au aliyepungua uzito bila sababu, hachomwi sindano. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na barua mkononi. Kipimo cha malaria nacho hakina mbadala kwenye ulimi wala kwenye mapigo.

Mwaka wa kwanza wa kazi, jiwekee daftari lenye safu ya idadi. Kwa kila mgonjwa andika sindano zilizoingia na zilizotoka, kwa sababu iliyosahaulika huwa imejificha nyuma ya sikio au chini ya nywele, na mgonjwa huigundua anapoegemea kiti cha daladala. Zikiingia 14, hesabu 14 kwa sauti wakati wa kuzitoa, mgonjwa akikusikia, ndipo umruhusu avae shati.